Brahmi ya chupa: kwa nini nahangaika na mmea unaojiotea

Brahmi haihitaji maabara ili iongezeke. Nalisema hilo mapema kwa sababu karibu kila mgeni anayeingia chumba chetu cha kuoteshea hulisema kabla sijafungua mdomo, akiwa amesimama mikono kiunoni mbele ya rafu za chupa, ambamo vipande vya mmea huu hukua juu ya jeli yenye chakula. Kata kipande cha shina chenye vifundo viwili, kisukumie kwenye tope, nenda zako. Kila kifundo kinachogusa maji hutoa mizizi, na ukikisahau kitatambaa mpaka kifunike ukingo wote wa bwawa. Ni mmea mdogo wa dawa, watu huutafuta hasa kwa ajili ya kumbukumbu, majani yake manene kiasi yamekaa mawili mawili yakitazamana, na maua yake ni meupe au ya zambarau iliyofifia, petali tano. Jina la kitaalamu ni Bacopa monnieri. Vitabu vya zamani huiweka kwenye familia ya Scrophulariaceae, vya siku hizi kwenye Plantaginaceae.

Kijana mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo aliitazama chupa, akanitazama mimi, akasema, "Dada, hiki si ndicho kile kinachoota chenyewe kwenye matangi ya samaki?" Nikamwambia ndicho. "Sasa hizi glavu na vibano vya nini?"

Swali lake ni halali, na jibu wanalotoa wengi, kwamba maabara hutoa miche mingi kwa haraka, halinitoshi. Hesabu yake kwenye karatasi inapendeza: chipukizi moja likizaa matano kila mwezi, miezi sita baadaye una 15,625. Lakini beseni la tope nalo lina hesabu yake, tena halidai umeme. Kama unachotaka ni wingi tu wa brahmi, funga maabara ukatafute beseni.

Mimi naiweka kwenye chupa kwa sababu ya kile ambacho mmea huu hubeba. Kwanza, hufyonza metali nzito kutoka kwenye maji na tope, kadimiamu na risasi zikiwemo, kiasi kwamba watafiti wameupima kama mmea wa kusafishia maji machafu. Hiyo ni sifa nzuri ukiwa na bwawa la maji taka. Ukiwa na mmea ambao mtu ataukausha, atausaga na kuumeza kila asubuhi, ni tatizo. Brahmi iliyochumwa kwenye mfereji pembezoni mwa kiwanda na ile ya kwenye chemchemi safi zinafanana kabisa kwa macho.

Pili, dawa yenyewe haimo kwa kiwango kimoja katika kila mmea. Kinachotafutwa ni bakosaidi, kundi la saponini, yaani kemikali za mimea zinazotoa povu kama sabuni, ambalo limejengwa juu ya triterpini. Ile wanayoiita bakosaidi A si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa saponini nne. Kiwango chake hutofautiana kati ya mmea na mmea, kati ya msimu na msimu, na machipukizi huwa nayo zaidi kuliko mizizi. Ukipata mmea ulio bora, utataka nakala zake, na utataka uwe na uhakika kwamba nakala hizo hazijachanganyika na jirani aliyetambaa kutoka beseni la pili. Brahmi hutambaa hasa. Weka aina mbili kwenye meza moja yenye unyevu, urudi baada ya msimu mmoja uniambie ipi ni ipi.

Tena kuna Centella asiatica, ambayo sehemu nyingine huuzwa kwa jina hilohilo la brahmi. Nayo hupenda maji, nayo ni ya dawa, lakini ni ya ukoo wa karoti, majani yake ni ya duara yenye umbo la figo, na kemikali zake ni nyingine kabisa. Zikiwa mbichi hakuna anayekosea. Zikishakuwa unga wa kijani ndani ya kopo, ni maabara tu itakayozitenganisha. Chupa yenye lebo inayoeleza mmea mama ulitoka wapi na ulipimwaje huondoa mabishano hayo mapema.

Basi, kazi yenyewe.

Watu wakifikiria kazi ya tishu, yaani kukuza vipande vya mmea ndani ya chupa zisizo na vijidudu, huwaza homoni na majina marefu. Kwa mmea wa majimaji, nusu ya kazi ni usafi. Brahmi inakuja na bwawa lake. Kuna tope kwenye kwapa za majani, kuna mwani, kuna vijidudu vya kila namna vilivyojishikiza kwenye shina, na baya kuliko yote, kuna bakteria wanaoishi ndani ya tishu yenyewe, katikati ya seli, ambao hakuna dawa ya kuoshea itakayowafikia bila kuua mmea. Mmea wa nchi kavu una ngozi ya nta inayousaidia kustahimili klorini. Brahmi ni laini; ukiizidishia dakika chache, shina linapauka na kuwa kama tambi iliyochemshwa.

Kwa hiyo usafi wangu unaanza wiki kadhaa kabla ya kibano. Mmea mama nautoa majini. Naupanda kwenye chungu cha mchanga uliochemshwa, naumwagilia kwa chini kwa kuweka chungu kwenye sahani ya maji, na majani siyalowanishi hata mara moja. Unasononeka kidogo mwanzoni, halafu unatoa machipukizi yanayosimama wima, makavu, ambayo hayajawahi kugusa tope. Hayo ndiyo nayakata, yale ya juu tu. Wenzangu wanaoruka hatua hii ili kuokoa muda huutumia muda huohuo kutupa chupa zilizooza.

Baada ya hapo ni utaratibu wa kawaida: maji ya bomba yanayotiririka, sabuni kidogo, spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde thelathini hivi, kisha hipokloriti ya sodiamu, yaani dawa ya klorini, iliyozimuliwa yenye tone la sabuni ili ipenye kwenye kwapa za majani, kisha maji safi yaliyopita kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo), mara tatu au zaidi. Spiriti kali isiyo na maji haifai hapa, kwa sababu maji ndiyo yanayoisaidia kuvuruga protini za vijidudu. Na klorini hutumika pia kwa uchafu wa kawaida, kwa hiyo kama hukusugua tope kwanza, tope ndilo linalokula dawa yako na bakteria wanabaki wakikutazama.

Maelekezo mengi ya brahmi yaliyochapishwa hutumia kloridi ya zebaki kwa asilimia 0.1. Inafanya kazi, sikatai. Lakini ni sumu kwa anayeishika, ni sumu kwa sinki unayoimwagia, na huu ni mmea ambao nimetoka kueleza jinsi unavyofyonza metali nzito. Kuuogesha kwa zebaki ili tuupate ulio safi ni jambo ambalo akili yangu imegoma kulikubali. Situmii, na sijawahi kuona haja yake pale mmea mama ulipoandaliwa vizuri.

Hao bakteria wa ndani ndio wanaonikosesha usingizi. Ukungu una ustaarabu wake: hujitokeza ndani ya siku chache, mweupe au kijani, unaona, unatupa. Bakteria wa ndani wanaweza kukaa kimya chupa kwa chupa, uhamisho kwa uhamisho, halafu siku moja ukiinua chupa kwenye mwanga unaona utando hafifu kama pumzi kwenye kioo ukizunguka kitako cha shina ndani ya jeli. Kufikia hapo umeshakatakata nakala zake na kuzieneza rafu nzima. Ndiyo maana kila mstari mpya, yaani nakala zote za mmea mama mmoja, naupima kabla sijauamini: kipande cha kitako kinawekwa kwenye chakula cha bakteria chenye peptoni na dondoo ya hamira, sio chakula cha mimea, na kinaachwa kwenye joto. Kama kuna mtu ndani, atajitokeza. Dawa za antibiotiki huwanyamazisha tu. Ukiziondoa wanarudi, na wakati mwingine zenyewe huuchosha mmea. Afadhali kukata ncha ndogo kabisa ya chipukizi, milimita moja hivi, kwenye sehemu ambayo seli zinagawanyika haraka kuliko bakteria wanavyoweza kupanda, na kuanza upya nayo.

Chakula tunachotumia ni kile cha wanasayansi wa mimea Toshio Murashige na Folke Skoog cha mwaka 1962, ambacho hapo mwanzo kilitengenezwa kwa ajili ya tumbaku. Kina nitrojeni nyingi sana: miligramu 1,650 za nitrati ya amonia na 1,900 za nitrati ya potasiamu kwa lita. Ongeza sukari gramu 30, kwa sababu mmea ndani ya chupa hautengenezi chakula cha kutosha kwa mwanga ule mdogo, na agari, unga wa mwani unaogandisha chakula kuwa jeli, gramu saba au nane. pH tunaiweka 5.7 au 5.8. Ikiteremka chini sana, agari haishikani, na utakuta vipande vyako vimezama kwenye uji. Otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20, chupa zinapoa, basi.

Homoni ndipo watu wanapopenda kubishana. Mwaka 1957 Skoog na Carlos Miller walionyesha kwamba uwiano wa homoni mbili ndio unaoamua: sitokinini ikizidi oksini unapata machipukizi, oksini ikizidi unapata mizizi, zikikaribiana unapata kalasi, lile bonge la seli lisilo na umbo. Sitokinini ya kwanza kutambuliwa, kinetini, waliipata mwaka 1955 kutoka kwenye DNA ya mbegu za kiume za samaki aina ya heringi iliyopashwa moto kwenye otoklevu. Kila nikiwaeleza wanafunzi habari hiyo huwa wanadhani natania. Leo tunatumia zaidi BAP, sitokinini nyingine, unga mweupe usiodhurika na joto la otoklevu.

Kwa brahmi, nenda polepole na BAP. Mmea huu ni mwepesi kuitikia kuliko karibu wote niliowahi kuushika. Kipande cha shina chenye kifundo kimoja, kikiwekwa kwenye chakula kisicho na homoni hata chembe, kitaamsha macho yake mawili na kutoa mizizi palepale. Ukiongeza BAP nusu miligramu kwa lita, machipukizi yanakuwa kichaka. Jani pekee, lililokatwa na kulazwa juu ya jeli, hutoa machipukizi kwenye ukingo wa jeraha moja kwa moja bila kupitia kalasi. Mwaka 1902 mtaalamu wa mimea Gottlieb Haberlandt alidai kwamba seli moja ya mmea ina uwezo wa kujenga mmea mzima, lakini seli za mimea alizozikuza mwenyewe ziliishi muda tu bila kugawanyika. Jani la brahmi ningependa angeliona.

Maandishi mengi hushindana kuhesabu machipukizi kwa kila kipande, na kipimo cha homoni kinapanda ili namba ipande. Mimi machipukizi mengi mafupi yaliyosongamana siyapendi. Huwezi kuyatenganisha bila kuyajeruhi, hayarefuki, na kwenye chakula kinachofuata yanakaa yamejikunyata. Afadhali machache marefu yenye vifundo vinavyoonekana, maana kila kifundo ni mche unaofuata. Njia ya kalasi naikwepa kabisa kwa kazi hii. Seli zikipita katika hali ile ya kutokuwa na umbo, baadhi hurudi na mabadiliko ya kurithi, na lengo langu lote lilikuwa nakala ya mmea mama uliopimwa.

Halafu kuna kioo. Anayefanya kazi ya tishu anaijua hali hii: machipukizi yanakuwa angavu, yamevimba, yanapita mwanga kama jeli yenyewe, na ukiyagusa kwa kibano yanakatika kwa mlio. Maji yamejaa katikati ya seli, kuta hazijakomaa, stomata (vitundu vya jani vya kupumulia) hazifungi. Mche wa namna hiyo ukitolewa nje unakufa mchana huohuo.

Kwa brahmi kuna utata wa ziada, kwa sababu huu ni mmea wenye maisha mawili. Ukiwa chini ya maji hutoa majani membamba na laini zaidi kuliko ukiwa nje, na hiyo si maradhi. Chupa nayo, kwa unyevu wake, imekaa katikati ya bwawa na hewa. Nimeona watu wakitupa miche mizuri kwa kudhani ni ya kioo, na wengine wakishangilia unene wa miche ya kioo kwa sababu majani ya brahmi ni manene kwa asili. Mimi huangalia mambo mawili. Napinda jani taratibu kwa kibano: la majini linapinda na kurudi, la kioo linavunjika. Kisha naweka chupa mbele ya taa: rangi ya la majini ni kijani kilichotulia sawasawa, ila la kioo lina mabaka meusimeusi yaliyolowana.

Tiba ni kupunguza BAP kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa haitoshi, ongeza agari kidogo, na ubadilishe vifuniko utumie vyenye tundu lenye kichujio ili hewa ipite na etilini, gesi inayotolewa na mmea wenyewe, isikusanyike. Wengine wanapunguza nitrati ya amonia, na inasaidia. Jeli ya gelani, ile inayopendwa kwa uangavu wake, kwa brahmi huleta kioo zaidi kuliko agari. Ni nzuri kwa picha za machapisho.

Mizizi haina hadithi. Nusu ya nguvu ya chakula kilekile, bila homoni, na iko tayari kabla hujakumbuka kuiangalia.

Kutoa nje pia ni rahisi kuliko kwa mimea mingine, kwa kuwa brahmi haiogopi miguu kulowana. Bado majani ya chupa hayana nta ya kutosha, kwa hiyo siku za kwanza yanakaa chini ya kifuniko cha plastiki, kisha kifuniko kinafunguliwa kidogo kidogo. La muhimu ni kuosha jeli yote kwenye mizizi kwa maji ya uvuguvugu. Jeli ina sukari, na ukungu wa udongoni haujakatazwa sukari. Anayesimamia kitalu nyumba chetu, mzee mwenye mikono ya ajabu, huchukua pia vipande ninavyotaka kutupa na kuvichomeka kwenye trei ya mchanga. Vinashika vyote. "Nyie fungeni milango yenu na barakoa," huniambia, "mimi niachieni makombo."

Na tumekubaliana naye kwa namna fulani. Chupa zangu ni chache: mistari iliyochaguliwa, iliyopimwa, isiyo na bakteria, ikikaa kwenye mwanga hafifu na ubaridi kiasi ili isikue haraka na kunilazimisha kuihamisha kila mara. Kutoka hapo natoa kundi dogo la miche mama, na wingi wote unaofuata anautengeneza yeye kwa vipandikizi, kwenye maji yaliyopimwa metali. Baada ya mizunguko kadhaa kundi lake linafutwa na jingine linatoka chupani.

Kuna wanaoniuliza kama brahmi ya chupa ina dawa sawa na ya bwawani. Bakosaidi zimo hata kwenye machipukizi yaliyo ndani ya chupa. Kiasi gani, inategemea mstari, chakula na umri, na kifaa cha kromatografia, kile kinachotenganisha kemikali na kuzipima, ndicho kinachojibu. Binafsi siamini namba yoyote iliyopimwa wakati mmea bado unakula sukari. Pima ulichovuna nje. Kuhusu kumbukumbu ambayo watu wanaitafuta, majaribio kwa binadamu yaliyoonyesha nafuu yalionyesha nafuu ya wastani, kwa kawaida baada ya wiki 12 za kutumia dondoo kila siku, na tumbo kuvurugika ni lalamiko la kawaida. Mwanafunzi anayetaka kumeza usiku wa kuamkia mtihani apate usingizi badala yake.

Ninachokifanyia kazi sasa ni kuachana na agari. Ndiyo kitu cha gharama kubwa ndani ya chupa, na brahmi, kwa asili yake, hukua vizuri kwenye chakula cha majimaji. Tatizo ni kioo tena, kwa sababu machipukizi yaliyozama muda wote huvimba. Njia yenye matumaini ni kuyafunika kwa chakula dakika chache tu, mara kadhaa kwa siku, kisha pampu ndogo ya hewa inakisukuma kirudi chini na miche inabaki ikipumua. Muda wa kuzamisha ndio unaobishaniwa kwenye meza yetu. Mwenzangu anataka mrefu ili uzito uongezeke. Mimi nataka mfupi, na majani yanayopinda yakarudi.